Gombo la kufufua limeyeyuka kwa tofauti ya 1. Nihukumuni

KasisiMchovu

Wakuu, bado nina uchungu, mnivumilie. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa kanuni za 2014. Mimi ni kasisi wa ngazi ya 3, Hekima 16. Juzi mwizi wetu amekufa. Sio kuzimia, amekufa kabisa: dadu za kujinusuru zimemkataa mara tatu huku sisi tukibishana nani amkimbilie. Raundi iliyofuata mapigano yakaisha.

Sasa begini nina gombo la uchawi wa kufufua, ule wa ngazi ya 3 unaomrudisha aliyekufa ndani ya dakika 1. Tulilipata kikao cha kwanza, nikalitunza kama yai. Nikalitoa kwa mbwembwe zote, nikaanza kusoma kwa sauti (ndiyo, huwa nasoma kwa sauti, wenzangu wameshazoea). Msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, akanikatiza: rusha dadu ya pande 20, unatafuta 13. Ikaja 9. Nikajumlisha 3 ambazo Hekima 16 inanipa, 12. Akasema maandishi yamefutika, maiti ni ile ile. Meza nzima kimya.

Nauliza mawili. Kwanza, dadu ya nini? Gombo si kifaa tu kama chupa ya dawa, unatumia basi? Pili, kama dadu ni lazima, mbona umahiri wangu wa +2 (nyongeza ya mambo ambayo mhusika ameyabobea) haukuhesabiwa? Ningefika 14 na mwenzetu angekuwa anapumua.

DaduPembeTano

Pole sana. Ila kwa umahiri mimi naona umeonewa, kwetu huwa tunaongeza. Kasisi asipokuwa mahiri wa mambo ya kasisi, nani atakuwa?

MzeeWaMeza

Msimulizi wako yuko sahihi kwa yote mawili, na mnachofanya kwa @DaduPembeTano ni sheria ya nyumbani. Si vibaya, lakini haimo kwenye kanuni.

Kinachowatelezesha watu ni hicho ulichokisema, kwamba gombo ni kama chupa. Chupa ya dawa hata yule mpiganaji asiyejua kusoma anaimimina kooni. Kusoma gombo ni kufanya uchawi. Ukilishika hilo, mengine yanajifuata yenyewe. Uchawi usipokuwa kwenye orodha ya tabaka lako, maandishi huyaelewi hata ukodoe macho; ndiyo maana mwizi wenu asingeweza kulisoma hata angekuwa hai. Muda wa kulisoma ni muda wa kawaida wa uchawi wenyewe: wa kitendo kimoja unakula kitendo chako cha zamu hiyo, wa saa nzima unakula saa nzima. Ukikatizwa katikati, gombo halipotei. Uchawi wa kumakinikia (unaodumu mradi akili yako iko kwake, mmoja tu kwa wakati) nao utaumakinikia vile vile, kwa hiyo ule uliokuwa umeushikilia unaanguka. Unachosamehewa ni nafasi yako ya uchawi ya siku (zile mara chache unazoweza kuroga kabla ya kupumzika) na malighafi. Hapo ulikuwa na bahati, maana kufufua kwa kawaida kunateketeza almasi ya vipande 300 vya dhahabu.

Sasa dadu. Uchawi ukiwa kwenye orodha yako na ngazi unaimudu, hurushi chochote, unasoma unakuwa. Kasisi wa ngazi ya 3 anaishia uchawi wa ngazi ya 2. Umeupita uwezo wako, basi unapima sifa yako ya uchawi dhidi ya 10 jumlisha ngazi ya uchawi. 10 na 3 ni 13. Kipimo hicho ni cha sifa peke yake, umahiri haumo. Ukishindwa, maandishi yanapotea bure.

Lakini naomba nikuulize kitu kitakachokuuma zaidi. Una ule uchawi mdogo wa Mwongozo?

KasisiMchovu

Ninao. Kwa nini…

Oh. Hapana. Usiniambie.

MzeeWaMeza

Dadu ya pande 4 unaiongeza kwenye kipimo chochote cha sifa. Na hiki ni kipimo cha sifa. Hata ingekuja 1, ungefika 13, na kufikia lengo ni kufaulu. Dakika 1 ni raundi 10, maadui wamekwisha, haraka ya nini? Raundi ya kwanza unajigusa Mwongozo, ya pili unasoma.

NyuziSita

Nacheza malenga, niongeze kidogo. Dadu ya hamasa, ile malenga anayompa mwenzake, nayo inaingia kwenye kipimo hicho. Na malenga mwenyewe akisoma gombo lililomzidi, tangu ngazi ya 2 anaongeza nusu ya umahiri wake, kwa sababu anaruhusiwa hivyo kwenye kila kipimo cha sifa ambacho umahiri haumo. Wengi wanasahau.

Halafu kuna kitu hakijatajwa: nguvu ya gombo haimtegemei msomaji. Gombo la mpira wa moto lina ugumu wa 15 (namba ambayo adui anaitafuta kwa dadu ili kukwepa), asome nani asome nani. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye Akili 16 ana 14 ya kwake, kwa hiyo gombo linamzidi mwenyewe! Akifika ngazi ya 11 na Akili 20 ana 17, gombo lile lile limekuwa la kizembe. Mimi magombo ya kushambulia nayachoma mapema, yanayobaki begini ni yale yasiyompa adui nafasi ya kurusha dadu.

DaduPembeTano

Sawa, nimekubali kuhusu umahiri. Lakini mbona mchawi wetu hupimwa Akili *pamoja na* elimu yake ya uchawi?

MzeeWaMeza

Hapo anakuwa ananakili gombo kwenye kitabu chake, halisomi. Lengo linafanana, 10 na ngazi, ila hicho ni kipimo cha stadi, umahiri unaingia. Gombo linateketea afaulu asifaulu. Mkichanganya hivyo viwili ndipo mnapata hiyo sheria yenu.

Na mkihamia kanuni za 2024, zinaruhusu uchawi mmoja tu kwa zamu kwa kutumia nafasi yako. Gombo halitumii nafasi, kwa hiyo unaweza kusoma gombo kwa kitendo na bado ukatumia uchawi wako wa kitendo cha ziada zamu ile ile. Kwa za 2014 huwezi.

KasisiMchovu

Nimemwonyesha msimulizi uzi huu. Amecheka, anasema Mwongozo aliukumbuka nilipokuwa nasoma kwa sauti, ila hakutaka kuniharibia.

Mwenye mwizi naye ameshatengeneza mhusika mpya. Malenga. Begi la magombo linabebwa naye kuanzia sasa.