Pikipiki inapiga resi lakini haivuti mlimani, nataka kubadili klachi mwenyewe. Naombeni ushauri

Kijana_wa_Ipogolo
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mgeni kwenye pikipiki, nimeanza kuendesha mwaka huu hapa Iringa. Chombo ni cc 125, kimetumika kiasi. Nikipandisha kutoka Ipogolo kuja mjini na abiria, injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki, na kuna harufu ya kitu kuungua. Tambarare inakwenda vizuri tu. Nimeangalia video, nimeshanunua seti ya klachi pleti na gasketi, spana ninazo. Naomba mnielekeze namna ya kufungua kava la kulia. Tafadhali msiniambie niende kwa fundi. Kesho asubuhi nataka niwe barabarani.

Jembe_la_Kihesa
Nenda kwa fundi.

Binti_Viazi
Kaka, anza na cheni. Yangu ilikuwa inaruka meno ya sproketi nikadhani klachi imekwisha. Ikamate katikati upande wa chini, icheze sentimita 2 hadi 3. Ukiikaza kupita hapo inakula beringi. Na ukisogeza tairi la nyuma, hakikisha alama za pande zote mbili zinalingana. Mimi siku hiyo nilikuwa na gunia la viazi nyuma, cheni ikachomoka kwenye kona, nikasukuma hadi giza likaingia na hakuna hata mmoja aliyesimama. Watu wa barabara ile Mungu anawaona.

Mzee_wa_Spana
Mdogo wangu, weka spana chini kwanza. Shika mkono wa klachi. Kabla haujaanza kuvuta waya, ncha yake inacheza kiasi gani? Inatakiwa ilegee kama sentimita 1 hadi 1 na nusu. Isipolegea kabisa, waya unavuta muda wote na pleti hazikamatani. Unarekebisha kwa nati ya pale kwenye usukani, na ikiisha nafasi unahamia kule chini kwenye injini. Hailipiwi hata senti. La pili: oili umemwaga lini, na umeweka ipi?

Kijana_wa_Ipogolo
Mlegeo upo, mkuu. Oili ni mpya na ni nzuri tu. Naombeni hatua za kufungua kava.

Mwalimu_Mstaafu
Naona wote mnazungumzia klachi. Huyu kijana anapanda mlima ule na binadamu mgongoni. Je, abiria ana kofia ngumu? Leseni daraja A ipo? Sisi tulifundishwa baiskeli miezi kabla ya kuruhusiwa kumpakia mtu.

Mzee_wa_Spana
Shikamoo mwalimu. Kijana, nimeuliza oili ipi.

Kijana_wa_Ipogolo
Sawa. Ni 5W-30, ilibaki kwenye sevisi ya gari la mjomba. Bei yake ni kubwa kuliko hizi za pikipiki. Oili inayolinda injini ya gari itashindwaje na kapikipiki? Tena injini imekuwa laini kuliko mwanzo. Ni kweli tatizo limeanza wiki hiyo hiyo, ila naamini pleti zilikuwa zimechoka siku nyingi.

Mzee_wa_Spana
Hapo ndipo penyewe. Gari la gia za mkono klachi yake ni kavu, haigusani na oili ya injini. Pikipiki yako injini, gia na klachi vyote vinaoga oili moja. Oili nyingi nyepesi za magari ya petroli zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano. Ndiyo maana injini ni laini na mlima haupandiki.

Geuza kopo, nyuma utaona alama ya duara. Ikiwa nusu ya chini imeandikwa Resource Conserving, au Energy Conserving kwa makopo ya zamani, usiiweke humo. Tafuta kopo lenye JASO MA au MA2, alama ya oili za pikipiki ambazo klachi yake inaoga oili, unene ule uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Washa injini dakika chache, zima, mwaga ikiwa bado ya moto, iache idondoke mpaka ikome. Jaza kipimo cha kitabu, nyingi za cc hizo ni lita 1 na kidogo, ukipima pikipiki ikiwa wima. Tembea nayo bila mzigo kwanza. Ikibaki inateleza kidogo, mwaga urudie, maana ile ya zamani haitoki yote. Pleti zikiwa hazijaungua zitashika tena.

Kijana_wa_Ipogolo
Nashukuru, ila pleti nimeshanunua na muuzaji hapokei kurudishiwa. Na boliti mbili za kava nimeshazilegeza. Naona nimalizie tu.

Binti_Viazi
Mbona unamkimbia fundi hivyo, kaka? Pikipiki ni yako?

Kijana_wa_Ipogolo
Ni ya mkataba. Nikimaliza kumlipa tajiri mwenye chombo hesabu ya kila jioni inakuwa yangu, kwa hiyo ni kama yangu. Tajiri alisema injini isifunguliwe bila yeye kujua, na mafundi wote wa kijiweni ni watu wake. Hesabu ya jioni sijawahi kukosa. Nikimwambia, atasema nimekichosha chombo, atampa mwingine.

Jembe_la_Kihesa
Nilisema fundi, sasa nasema tajiri.

Macho_Manne
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mgeni wa pikipiki, lakini ana gasketi na seti ya pleti ndani! Mara gari la mjomba, mara tajiri. Huyu ni muuza spea, subirini atupie namba ya simu. Picha ya hizo boliti iko wapi?

Binti_Viazi
Kweli, picha hakuna. Na mimi nimeandika habari za viazi vyangu hapa bure.

Kijana_wa_Ipogolo
Muuza spea gani asiyetaja duka? Simu yangu kamera imekufa. Boliti mbili za juu karibu na kiki, oili imeanza kutokeza kwenye ukingo wa kava, nimeweka kitambaa. Asiyeamini aache.

Mzee_wa_Spana
Awe muuza spea au asiwe, yupo atakayesoma hapa na kopo la gari mkononi. Kijana, hizo boliti zirudishe kwa zamu, kidogo kidogo. Kava ni alumini, ukilazimisha nyuzi zinakatika na hapo tajiri atajua tu. Gasketi ikiendelea kuvujisha, kava lazima lifunguliwe, na hilo usilifanye kwa siri. Oili badilisha kesho asubuhi, abiria usipakie mpaka uijaribu. Pleti zitunze, siku ya kuzifunga zilowekwe kwenye oili kwanza. Na tajiri mpigie kabla hujalala.

Kijana_wa_Ipogolo
Oili nitanunua. Tajiri nitampigia nikishaona inavuta.

Mzee_wa_Spana
Leo, mdogo wangu. Akiikuta inavuja asubuhi, hatasikia habari za oili.

Mpita_Njia_Mafinga
Samahani kuchomekea. Yangu inazima ikipata moto, ikipoa inawaka. Plagi nimetoa, ina masizi meusi makavu. Nayo ni oili?

Mzee_wa_Spana
Hapana, petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Toa chujio la hewa ulikague, halafu fungua uzi wako.