MREJESHO: Mama amemaliza mionzi mara 15

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini mama apigwe mionzi ya saratani ya titi mara 15 wakati shangazi alipigwa 25. Niliogopa anapunjwa dozi.

Daktari alinielewesha: kwenye mpango wa mara 15, dozi ya kila mara huwa kubwa kidogo kuliko kwenye ule wa mara 25, hivyo grei 40 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa wiki 3 hufanya kazi sawa na 50 kwa wiki 5. Uingereza, utafiti wa FAST-Forward wa 2020 ulionyesha hata mara 5 ndani ya wiki moja, jumla grei 26, si duni kuliko mara 15.

Mama amemaliza juzi. Ngozi ya kwapani imeungua kidogo, na uchovu upo. Lakini wiki mbili za malazi Dar tumeziokoa, na sisi tunatoka Songea! Dada uliyeniambia nimuulize daktari bila woga, Mungu akubariki sana.