Uliyewahi kulazwa wodi ya akili kwa nguvu, au kumpeleka ndugu yako: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Kuna mtu kaandika kwamba mgonjwa wa akili "hana cha kuulizwa". Imenichoma. Mliopitia, semeni.

Niliyepona: Walinishika watu wanne, suruali ikashushwa, sindano ikaingia. Hakuna aliyenitajia dawa. Usiku shingo ikapinda, macho yakageukia juu yakagoma kushuka, taya likakaza. Nikajua nakufa. Kumbe ni haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, na hayo ni madhara yake yanayojulikana, yana dawa yake, nilipopewa yakaachia. Wao walijua, mimi ndiye niliyefichwa. Ndiyo, nilikuwa nasikia sauti. Lakini na za watu nilizisikia! Sentensi mbili ningezielewa: "Tunakuchoma dawa hii. Shingo ikikaza, tuite." Hadi leo nikiguswa begani kutoka nyuma nashtuka.

Mpita Njia: Pole sana mkuu. Yangu ni hiyo hiyo.

Mama Mzaa Chema: Poleni, ila na sisi wazazi tusikilizwe. Mwanangu aligoma kula, kila chakula anasema kina sumu. Akabaki mifupa. Nisubiri ridhaa yake hadi lini? Leo yuko hai, ila hanisemeshi. Ningerudia.

Mtetezi: Mama, ulimwambia unampeleka wapi?

Mama Mzaa Chema: Nilimwambia tunakwenda kusalimia ndugu.

Mtetezi: Basi hapo ndipo penye kidonda. Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, na ugonjwa wa akili wa muda mrefu umo, ibara ya 14, unasema ulemavu usiwe kamwe sababu ya kumnyang'anya mtu uhuru.

Mzee wa Kazi: Saa nane za usiku mtu kashika kisu, ibara inamshika nani? Tuacheni na makaratasi.

Mtetezi: Makaratasi kama hayo yamefunga milango ya kumlaza mtu kiholela. Italia, Sheria namba 180 ya 1978: kumtibu mtu kwa lazima hospitalini kunataka madaktari wawili, amri ya meya na jaji kuithibitisha, kwa siku 7 kwanza.

Mzee wa Kazi: Meya anajua nini kuhusu ugonjwa?

Muuguzi wa Zamu: Msigombane. Kulazwa kwa lazima hakufuti kila kauli ya mgonjwa. Kidonge au sindano, mkono upi, nani apigiwe simu: muulize hata akiwa anapiga kelele. Na wewe mgonjwa, ukishatulia andika: dawa iliyokutesa, iliyokusaidia, nani aitwe, nani asiitwe. Daktari aiweke kwenye faili.

Mpita Njia: Mimi nasema usiandike. Watasema "si umekiri mwenyewe unaumwa".

Muuguzi wa Zamu: Andika, nakala mpe unayemwamini.

Niliyepona: Mama, dada yangu ndiye aliyenipeleka. Alikuja kuniomba radhi kwa uongo alionidanganya, kunipeleka hakukuombea radhi. Nikamwelewa. Tunaongea.

Mama Mzaa Chema: Asante mwanangu. Nimwandikie au nimfuate?

Mpita Njia: Mwandikie, asome kwa wakati wake.

Mzee wa Kazi: Mfuate. Mambo haya ni ya ana kwa ana.