Kikokotoo: 40% imetosha, au tumepozwa tu?

Mvuja Jasho: Wakuu, Julai 2022 kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, kilishusha mkupuo (hela ya mara moja ukistaafu) wa waliokuwa PSPF na LAPF, mifuko ya zamani ya watumishi wa umma Tanzania, toka 50% hadi 33% ya pensheni. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40%, vigelegele kila kona. Kidonda kimepona?

Kalamu Nyekundu: Asilimia siyo kidonda. Chukua mshahara 1,200,000, utumishi miezi 420. Zamani: 14,400,000 × 420 ÷ 540 = 11,200,000 kwa mwaka. Nusu yake mara 15.5, mkupuo 86,800,000; nusu nyingine gawa kwa 12, kila mwezi 466,667. Sasa badala ya 540 unagawa kwa 580, inabaki 10,427,586. 40% yake mara 12.5 (siyo 15.5 tena) ni 52,137,931; 60% iliyobaki gawa kwa 12, kila mwezi 521,379. Mkupuo umepungua milioni 34.7, pensheni imeongezeka 54,712. Kuzirudisha ni miezi 633! Kutoka 33 kwenda 40 ni kuhamisha hela mfuko wa kushoto kwenda kulia: mkupuo unaongezeka milioni 9.1, mwezi unapungua 60,828, mwezi wa 150 ngoma droo. Wenye kuuma ni 580 na 12.5.

Bandari Salama: Mkupuo mkubwa wa nini? Mwalimu akishika milioni 80, miezi sita ana Noah juu ya mawe na mke mdogo. Bora apewe kidogo kidogo.

Chaki Vumbi: We Bandari, kwa nini mwalimu? Wa halmashauri hawaoi? Hela ni yake, 5% imekatwa kwake na 15% ya mwajiri ni sehemu ya ujira wake. Hata akinunua ngoma za mdundiko!

Bandari Salama: Ukweli umekuchoma. Nani anaongoza kukopa mpaka inabaki theluthi ya mshahara?

Chaki Vumbi: Anayekopa ni asiye na posho za safari. Na hizo posho hazichangiwi, michango inakatwa kwenye mshahara tu. Kwa hiyo bosi wako naye akistaafu atashangaa.

Tabora Boy: 12.5 maana yake tumepangiwa kufa na miaka 72 na nusu.

Kalamu Nyekundu: Hapana ndugu, pensheni ya mwezi inalipwa hadi kifo. 12.5 inaingia kwenye mkupuo peke yake. Ukifa, wategemezi wanapata mkupuo wa miezi 36.

Mvuja Jasho: Turudi kwenye mada. Kabla ya 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuchangia, PSPF ikabebeshwa kuwalipa. Serikali ikaja kutoa hatifungani isiyo taslimu (ahadi ya kulipa deni, siyo hela mkononi) ya trilioni 2.17. Shimo la mfuko lilianzia hapo, mstaafu ndiye anafukia?

Chaki Vumbi: Mada ni daraja la mshahara! Mshahara unaopigiwa hesabu ni wastani wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Madaraja yaligandishwa 2016. Ukipandishwa umebakiza mwaka mmoja, miezi 24 ya mshahara wa zamani inaingia kwenye wastani. Mserereko, yaani kupandishwa kufidia ulipocheleweshwa, haukurudishi nyuma.

Bandari Salama: Mwalimu na daraja...

Kalamu Nyekundu: Wenye miaka 57 acheni ngumi. Fungueni PSSSF Kiganjani, app ya mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, hesabuni miezi ya michango. Palipo na pengo, mara nyingi ni uhamisho, mwajiri mmoja hakupeleka. Tafuteni salary slip za miezi hiyo, barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa. Miezi 12 ikikosekana kwenye mfano wangu, mkupuo unapungua kama milioni 1.5.

Chaki Vumbi: Asante mkuu. Bandari, hiyo Noah ya nani?