Fonti ya nukta: kwenye simu nukta zinaungana, na "ng'ombe" inaachana

herufi_mtaani
Wakuu, habari za kazi. Nachora fonti ya nukta kwenye FontForge (programu ya kuchora fonti), ule mwonekano wa skrini za zamani, gridi ya 5 kwa 7. Em (kimo cha mraba wa kuchorea herufi) ni uniti 1000, gridi ya uniti 100, kipenyo cha nukta 90. Ikiwa kubwa inapendeza, ila kwenye simu, saizi 18, inakuwa ukungu mtupu. Pia g, j, p na y zimebanwa juu, na "ng'ombe" ina tundu katikati. Nirekebishe nini?

GridiTano
Kipenyo cha 90 kinaacha pengo la uniti 10. Hata simu yenye pikseli halisi 3 kwa kila pikseli ya CSS (kipimo cha kurasa za tovuti), kwa saizi 18 pengo hilo ni kama nusu pikseli, hivyo skrini inachanganya rangi tu. Shusha hadi 75. Hapo fonti ya saizi ya pikseli halisi 40 inapata nukta ya pikseli 3 na pengo la 1, bila makombo. Kwa maandishi madogo zaidi tumia fonti nyingine, usilazimishe.

Mikia ya g, j, p na y: em igawe mistari 10, yaani 7 ya herufi kubwa, 2 ya mikia chini, 1 ya nafasi. Chipu ya HD44780 ya Hitachi, ya skrini ndogo za zamani, ilikuwa na selo za 5 kwa 8, na mstari wa nane ukaachiwa kishale, ndiyo maana mikia ilipandishwa. Wewe hubanwi na hilo, na Kiswahili kimejaa "ya" na "yangu".

fundi_glifu
Naongezea. Usinakili duara herufi kwa herufi. Chora glifu (umbo la herufi) moja ya nukta, kisha ibandike kwingine kwa Copy Reference (Ctrl+G). Ukibadili kipenyo pale, fonti nzima inafuata. Toa faili ya TTF, maana kwenye OTF ya CFF (aina nyingine ya faili la fonti) rejea hizo zinavunjwa kuwa maumbo kamili. Zima autohinti (urekebishaji wa kiotomatiki wa herufi kwa skrini), husogeza mistari ya nukta isiwe sawa. Kwenye CSS ya tovuti weka font-synthesis: none, la sivyo bold inayobuniwa na kivinjari inazinenepesha nukta hadi zigusane.

Tundu la ng' linatokana na apostrofi kuwa na upana wa 600. Ipe nukta 2 za wima na upana wa 200. Jaza U+0027 (iliyonyooka) na U+2019 (iliyopinda) zote mbili: baadhi ya simu huandika ile iliyopinda, na isipokuwepo inaazimwa kutoka fonti nyingine.

herufi_mtaani
Shukrani wakuu. Na stika ya vinili ya kukata kwa plota (mashine ya kukata maumbo), itakubali?

GridiTano
Herufi kubwa ya milimita 70 ina nukta za milimita 7.5, na kila nukta ni kipande chake. Ukimenya vinili isiyotakiwa, nukta zinaondoka na mabaki. Chapisha kwanza rangi ya nyuma pamoja na nukta, halafu kata mstatili wa nje tu.