Jiji likiomba msaada wa kujenga upya, vibanda vyetu vimo kwenye hesabu?

Wadau wa Kanda ya Ziwa, mwangaluka.

Tangu vurugu za siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, habari ya kujenga upya inazungumzwa kana kwamba kilichoungua ni mali ya serikali tu. Novemba ile, Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba sherehe za Uhuru za Desemba 9 hazitafanyika na fedha zake zitakarabati miundombinu iliyoharibiwa. Uamuzi huo siupingi. Swali langu linahusu ngazi ya chini: Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ziombe msaada au zisiombe? Na zikiomba, ziombe kwa ajili ya nani?

Mimi nasema ziombe, ila ukurasa wa kwanza wa ombi uwe wa watu waliopoteza mitaji. Ofisi zifuate.

Dada yangu alikuwa na kibanda cha madaftari, fotokopi na kutuma pesa, kimeegemea ukuta wa jengo la umma. Jengo lilipowashwa, kibanda kikaenda nalo. Barabara zilipofunguka nilimsindikiza. Mashine ya fotokopi ilikuwa imeyeyuka juu na kuinamia upande mmoja. Droo ya chuma ilikuwa nzima, lakini sarafu ndani zilikuwa nyeusi, zimegandana. Kilichopona ni daftari la madeni, kwa sababu huwa analala nalo nyumbani. Alikaa juu ya tofali akalifungua, akaanza kusoma majina ya wanaomdai na anaowadai. Hadi leo kila Jumamosi anakwenda kwenye kikoba chake kueleza kwa nini rejesho halijatimia. Ukuta wa lile jengo utapigwa plasta. Yeye yumo kwenye tathmini ipi?

Hofu yangu ina historia. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi sana. Michango ilikuja. Kisha Rais Magufuli akasema waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na fedha zikaelekezwa kwenye majengo ya umma. Sekondari ya Ihungo ilisimama upya kwa msaada wa Uingereza, na ilistahili. Lakini waliokuwa wakilala chini ya turubai walirudi kufyatua tofali wenyewe. Miaka miwili baadaye kivuko cha MV Nyerere kikazama pale kisiwa cha Ukara, na sehemu ya rambirambi ikajenga wodi za kituo cha afya Bwisya. Wodi ni jambo jema, nakubali. Ila mnaona mwelekeo: fedha ikishaingia, jengo la serikali ndilo linaloonekana kirahisi kwenye ripoti.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inashusha kamati mpaka chini kwa wananchi. Basi hasara iandikwe kwenye mtaa, mbele ya majirani wanaojua nani alikuwa na nini, na orodha ibandikwe mlangoni. Vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu vilivyokopeshwa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kama mali imeungua, visimamishiwe marejesho kwanza.

Karibuni mnipinge.

Mfanyabiashara, Mwaloni:
Pole kwa dada, kaka, lakini mimi sikubali. Mafuriko hayana mwenyewe; moto huu uliwashwa na mikono. Ukilipa kila kilichochomwa, kesho mtu anachoma akijua kuna wa kulipa. Hata Marekani ilishatokea. Minneapolis iliungua mwaka 2020 baada ya kuuawa George Floyd, hasara ikakadiriwa kuzidi dola milioni 500. Gavana Tim Walz akaomba serikali kuu itangaze janga, akakataliwa. Walijipanga upya wenyewe. Na sisi mapato ya soko na mwalo tunayo.

Mleta mada:
Mzee wangu, dada yangu hakuchoma. Kumnyima yeye kunamtia adabu nani? Na ushuru unaousema wa soko na mwalo, yeye naye alikuwa anaulipa.

Mwalimu, Igoma:
Ninyi wote wawili mnazungumza plasta na fotokopi. Kwenye mtaa ninaokaa kuna mama aliyezunguka hospitali na vituo siku nne akiwa na picha ya mwanawe kwenye simu. Tume ya kuchunguza vurugu hizi, ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipoundwa, alichouliza ni kama watamwambia mwanawe yuko wapi. Wafadhili nao wanauliza hilohilo. Bunge la Ulaya Novemba 2025 lilipitisha azimio la kutaka fedha kwa serikali yetu zisimamishwe. Halmashauri itakayopeleka ombi lenye milango na vioo bila kutaja watu, itajibiwa na nani? Mimi nataka watu wahesabiwe kabla ya mabati.

Mleta mada:
Mwalimu, umenisahihisha na nakubali bila kubisha. Niliandika "ukurasa wa kwanza uwe wa mitaji". Nafuta. Ukurasa wa kwanza uwe wa waliokufa, waliojeruhiwa na wasiojulikana walipo. Wa mitaji uwe wa pili, wa majengo wa tatu. Jumamosi nitakwenda na dada ofisi ya mtaa, na ningependa kwenda na karatasi iliyopangwa hivyo. Kama kwenu mtendaji ameshaanza kuandikisha, tafadhali andikeni hapa ameuliza mambo gani: jina, mali, thamani, shahidi, kingine? Na mwalimu, yule mama akiridhia, muulize angependa safu ya mwanawe iandikwe vipi.