Benki, momo (pesa za simu) au sacco (chama cha akiba na mikopo): pesa ikikwama wapi kuna mtu wa kukujibu?

HajatiVitenge (Arua)
Salaam wadau. Naomba msiniletee matangazo, nataka mtu aliyetumia kitu mwenyewe aniambie ukweli. Niko na duka la vitenge hapa Arua, Uganda, wateja wangu wengi wanatoka Koboko na ng'ambo ya mpaka Ariwara kule Congo, pesa inaingia kila siku na siwezi kulala nayo nyumbani. Juzi juzi nikaweka laki nane kwa ajenti wa benki pale sokoni, mashine ikatoa risiti vizuri, sms haikuja na salio halijasogea mpaka leo. Ajenti anasema kwake imetoka, niende benki. Benki wanasema nirudi kwa ajenti. Nikirudi benki tena naambiwa netiweki iko chini, mara niende kwenye tawi nililofungulia akaunti, mara nilete barua ya LC1, yule mwenyekiti wa kijiji, sasa LC1 anajua nini kuhusu pesa yangu jamani. Madirisha yako matano, keshia ni mmoja, wengine wanapita pita nyuma na vikombe. Halafu akaja kontrakta mmoja na Prado yake, askari akamfungulia mlango wa pembeni, akatoka kabla mimi sijafika hata katikati ya laini. Kwani pesa yangu ni ya karatasi tofauti?
Nataka kuhama. Benki nyingine, momo, sacco, chochote. Mambo ya ada msiniambie sana, najua wote wanakata. Swali langu ni pesa ikikwama nani anajibu.

DerevaElegu
Hajati mimi niliachana na benki kitambo, niko barabarani Gulu Elegu Juba, nitapanga laini saa ngapi? Pesa yangu yote iko kwenye momo. Niliwahi kutuma kwa namba ya mtu mwingine kabisa, usiku, nikapiga simu pale pale, yule dada akanisikiliza, wakaishikilia ile pesa kabla jamaa hajatoa, ikarudi. Benki gani itakupokelea simu saa nne usiku? Hata ukiwapigia mchana utasikiliza muziki mpaka kredit iishe.

Kijana_Kikuubo
Dereva usimdanganye mama wa watu. Yule jamaa angekuwa ametoa hiyo pesa ungeimba wimbo mwingine. Na momo kutoa serikali inakata nusu ya asilimia moja ya pesa yenyewe, hiyo ni mbali na ada ya kampuni na ushuru ulio ndani ya ada. Zamani 2018 walianza na asilimia moja nzima watu wakapiga kelele wakapunguza. Hajati akitoa milioni moja, elfu tano imeenda kwa serikali hapo hapo, akitoa dirishani kwa keshia hiyo haipo. Kwa mtu wa duka anayezungusha mtaji kila wiki hiyo si kidogo.

DerevaElegu
Amesema ada tusiziongelee wewe.

Kijana_Kikuubo
Haya. Tuongelee kujibiwa basi. Februari 2016 siku ya uchaguzi momo ilizimwa nchi nzima, ulimpigia dada yako nani? Oktoba 2020 wadukuzi wakaingia kwenye kampuni inayounganisha benki na simu, kuhamisha pesa kutoka benki kwenda momo kukasimama. Sisi huku Kikuubo, soko la jumla Kampala, mzigo umeshuka, mwenye mzigo anataka hela yake, wewe pesa unaiona kwenye simu na huwezi kuigusa.

Mstaafu_Bombo
Vijana punguzeni sauti. Hajati pole sana mama. Mimi nasema sacco. Sisi wa jeshi tuko na Wazalendo, na mimi nina ya pili hapa mtaani Bombo. Kwenye sacco wewe ni mwenye mali, si mteja. Mkutano mkuu ukiitwa unasimama na kijitabu chako mkononi, unauliza mwenyekiti mbele ya watu wote, pesa yangu iko wapi, na hatoki pale bila kujibu. Nani amewahi kumsimamisha mkurugenzi wa benki namna hiyo? Mimi niliona benki zikifungwa 1998 na 1999, Greenland, ile ya ushirika, nikajifunza kukaa karibu na pesa yangu.

MwalimuKoboko
Afande kwa heshima zote, hiyo ni sacco yenu nyinyi mnaopanga mstari. Ya kwetu mwenyekiti aliwakopesha shemeji zake, mkutano mkuu ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, hapo sasa unasimama mbele ya nani? Na afadhali benki ikianguka kuna Mfuko wa Kulinda Amana, sacco haimo. Hilo nililijua baadaye sana.
Lakini pia siwatetei benki. Mimi nilimaliza mkopo wa mshahara, mwisho kabisa, kila mwezi walikuwa wanakata kabla sijaona hata senti. Nimeenda kuomba mwingine kwa watu wengine naambiwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za mikopo bado naonekana nadaiwa. Nikamuuliza meneja, akasema "itajirekebisha yenyewe mwalimu." Itajirekebishaje yenyewe? Wanafunzi wangu wakiniambia hivyo kuhusu hesabu nawatoa nje. Ilibidi nidai barua ya kumaliza deni, nikaipeleka mwenyewe, ndio jina likasafishwa. Kosa ni lao, nauli ni yangu.

KeshiaWaZamani
Nimekaa nyuma ya hicho kioo miaka mingi kwa hiyo ngoja niseme vile mambo yalivyo, kisha mnitukane.
Hajati, ajenti wengi siku hizi hawako kwenye mashine ya benki moja, wako kwenye mfumo wa pamoja ambao mabenki waliuunda kupitia chama chao, ulianza 2018, ndio maana kibanda kimoja kinahudumia benki nyingi. Muamala ukikatikia njiani, pesa imeshatoka kwenye floti ya ajenti, yaani salio lake la kazi kwenye mfumo, na kwako haijaingia, inakaa kwenye akaunti ya katikati mpaka mtu wa makao makuu Kampala akae alinganishe vitabu vya pande zote. Ile pesa keshia wa dirishani haioni kabisa kwenye skrini yake. Hakufichi kitu, hana cha kukuonyesha, na hatakubali kusema hivyo mbele ya laini ya watu, kwa hiyo anasema netiweki. Barua ya LC1 hiyo ni ya kufungua akaunti, hapo alitaka tu utoke dirishani. Mlango wa pembeni nao upo, sikatai, sisi tuliambiwa nani apite pale.
Acha kwenda kueleza kwa mdomo. Risiti yako ni ile karatasi inayofifia, ukiiacha kwenye pochi itabaki nyeupe, ipige picha leo na utoe fotokopi. Andika barua ukurasa mmoja, namba ya muamala, namba ya ajenti, tarehe, saa, kiasi. Nakala mbili, moja waigonge muhuri na tarehe ya kupokea, ubaki nayo. Wakikataa kugonga muulize jina la anayekataa uliandike hapo hapo, utaona muhuri umepatikana. Benki Kuu iko na miongozo ya kulinda wateja ya tangu 2011, kila benki inatakiwa iwe na utaratibu wa malalamiko na hawaruhusiwi kukutoza kitu kwa kulalamika. Wakinyamaza unaandikia Benki Kuu na ile nakala yenye muhuri unaambatanisha. Benki Kuu watakuuliza kwanza kama ulianzia kwa benki yako, na wengi wanakwama hapo kwa sababu hawana karatasi.

Mstaafu_Bombo
Huyu ndiye mtu. Karatasi, muhuri.

HajatiVitenge
Asante sana, picha nimeshapiga, kweli namba za chini zimeanza kupotea. Lakini hata ikirudi mimi kwa hao watu sikai tena. Niende wapi?

KeshiaWaZamani
Mimi ningeenda kwa wadogo. Benki kubwa ni daraja la kwanza, la pili ni taasisi za mikopo, la tatu ni microfinance zinazoruhusiwa kupokea amana. Yote matatu yako chini ya Benki Kuu na mfuko alioutaja mwalimu unakulinda mpaka milioni 10 kwa kila taasisi, ukiwa na zaidi gawanya sehemu mbili. Kule daraja la pili au la tatu laki nane ya duka ni pesa, meneja anakujua, namba yake unayo. Kwa mabenki makubwa wewe ni namba ya laini.

Kijana_Kikuubo
Si zingine zilishushwa daraja juzi? Unampeleka huko?

KeshiaWaZamani
2024, ndio. Mtaji wa chini wa benki ulipandishwa mpaka bilioni 150, zingine zikaamua kushuka daraja la pili badala ya kutafuta hiyo pesa. Amana za watu zilibaki pale pale. Kinachokosekana huko ni akaunti ya cheki na biashara ya dola. Hajati wewe dola unanunua?

HajatiVitenge
Nanunua, mzigo mwingine naulipia kwa dola. Ila huwa naenda forex bureau, benki wananipa bei mbaya.

KeshiaWaZamani
Basi hakuna unachopoteza.

DerevaElegu
Mimi bado nasema momo 😂 lakini hiyo ya fotokopi nimeichukua.

MwalimuKoboko
Dereva kwani hujui hiyo momo yako pesa yenyewe imelala benki? Sheria ya malipo ya 2020 inataka kampuni iiweke kwenye akaunti ya amana ya wateja. Umewakimbia na bado uko kwao.

DerevaElegu
Acha, wallahi? Lakini laini sipangi.

HajatiVitenge
Nimeamua hivi. Barua napeleka Jumatatu asubuhi, mwanangu ataichapa. Akaunti mpya nafungua kwa hiyo microfinance ya karibu na stendi ya magari, nilipita leo nikauliza malalamiko yanapelekwa kwa nani, kijana akanitajia jina la mtu na mlango wake, hakusema "piga namba ya bure." Momo nabaki nayo ya kupokea tu kwa wateja wa Ariwara. Sacco afande nisamehe, bado naogopa shemeji za watu.

Mstaafu_Bombo
Hakuna shida mama. Hiyo barua andika kwa Kiingereza, wakiona Kiswahili watasema mtafsiri hayuko.

KeshiaWaZamani
Na nenda saa tatu kamili wakifungua, msimamizi wa tawi anakuwa bado yuko pale chini. Saa tano ameshapanda ofisini.